Tuta Langu Si Kaburi

Jamani, leo asubuhi nimepewa pole ya msiba ambao sina.

Nimesimama zangu na mpira wa maji, mtu mzima mwenye bustani yake, mara mzee wa jirani akasogea kwenye uzio, akavua kofia. "Pole sana, mwanangu. Ni la nani?"

"Shikamoo, mzee. Hilo? La nyanya."

"Maskini! Juzi tu nilimwona anaanika nguo."

Nikaeleza kwa heshima zote kwamba ni tuta la kuinua, yaani udongo uliojazwa juu ya ardhi ndani ya fremu ya mbao. Wapi! Alishaanza kulipima kwa macho. Mbona pana hivyo? Nikasema mita 1.2, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Akanitazama kwa huruma: "Umshike mkono wa nini tena?" Na kina? Sentimita 30. Hapo akashika kichwa. "Thelathini! Mbwa watamfukua!"

"Nyanya za kupika, mzee!"

Akarudi nyuma hatua mbili. Ilibidi ning'oe mche nimwonyeshe majani.

Alipoelewa ndipo balaa lilipoanza. Akachomeka kidole kwenye tuta nililolimwagilia jana jioni, kikatoka kikavu. "Kwa mchanga huu, na jua hili, maji yenyewe yanashuka kama yameitwa, wewe unainua ili iweje? Ungechimba, ukashusha kitalu chini ya usawa wa ardhi, maji yakutane na miche." Akavaa kofia yake, huyoo.

Kinachoniuma ni kwamba kasema kweli. Lita 864 nimezisukuma kwa toroli: mchanga, mboji, samadi iliyooza (ile mbichi iliniunguzia miche ya kwanza, tuyaache hayo). Ukishainua tuta, jua linalipiga juu na ubavuni. Mchwa wameshaonja mbao. Matandazo niliyapanga unene wa sentimita 8, kuku wakayapangua kabla sijanawa mikono. Na mboji inazidi kuoza na kunywea, tuta linatitia katikati. Sasa hata mimi nikilitazama kwa mbali naona kaburi la zamani.

Mwagilia asubuhi, mwagilia jioni. Mimi ni mtu au wingu? Mpira wenyewe una matundu, unanyeshea miguu yangu kuliko nyanya. Na toroli nalo, tangu nilibebeshe huo mchanga, gurudumu linalia kila nikilisukuma. Na lilie tu, msiba si upo?