Kidole kilichokatika: kupasua usiku uleule au kungoja asubuhi?

Seremala wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, akikatwa kidole na msumeno wa umeme jioni, ndugu zake huwa na swali moja: je, kitaunganishwa leo? Madaktari wenyewe wamegawanyika. Wapo wanaoshikilia kwamba kila saa inayopita hupunguza nafasi ya kidole kushika, hivyo mgonjwa apasuliwe usiku uleule. Wengine hujibu kwamba kidole hakina misuli, na misuli ndiyo inayokufa upesi ikikosa damu. Ndiyo maana mkono uliokatika karibu na kiwiko, usipopozwa, hauvumilii zaidi ya saa 6 hivi, ilhali kidole huweza kufikia saa 12, na kikihifadhiwa kwenye baridi hufika 24, pengine zaidi.

Mimi naelemea upande wa pili, ila kwa sharti. Kushona chini ya hadubini mishipa yenye upana wa milimita 1 hivi huchukua saa nyingi, na mpasuaji aliyeshinda amesimama tangu alfajiri hawezi kulinganishwa na aliyepumzika. Lakini hoja hiyo haina nguvu tena ikiwa kidole kimeletwa mfukoni kikiwa na vumbi la mbao, au kimetumbukizwa moja kwa moja kwenye barafu, ambayo huunguza nyama na kuharibu mishipa. Kifungwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa serumu (maji safi ya chumvi ya hospitali), kitiwe katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo ndio uwekwe ndani ya maji yenye barafu.

Aina ya jeraha nayo ina uzito, na kwa maoni yangu kuliko saa. Kidole kilichokatwa kwa makali hushoneka. Kilichosagwa na jiwe machimboni au kung'olewa na mkanda wa mashine, mishipa yake huwa imeharibika hadi mbali kutoka kwenye jeraha. Kwa mchimbaji anayekula alichopata siku hiyo, kufunga kisiki cha kidole kimoja cha shahada humrudisha kazini mapema, wakati kilichounganishwa kinaweza kubaki kigumu na kuuma kila penye baridi kwa miaka. Kwa mtoto, kwa vidole kadhaa, na hasa kwa kidole gumba, ambacho hubeba takriban asilimia 40 ya kazi ya mkono, hesabu hubadilika: gumba lililohifadhiwa vizuri, hata likifika saa 10 baada ya ajali, lisitupwe kwa hoja ya kuchelewa pekee.