Baluni ya Dyson haijapitwa na wakati

Fundi wa antena za spirali hutumia siku nyingi akichora mikono yake, yaani vipande viwili vya chuma vinavyojizungusha kutoka katikati, kisha akakwama katikati yake, pale kebo ya omu 50 inapofika. Kebo hiyo ni ya koaksia, yaani waya wa ndani uliozungukwa na ganda la chuma; haina ulinganifu, ilhali mikono miwili inadai mikondo iliyo sawa kwa nguvu na kinyume kwa mwelekeo. Kinachopatanisha viwili hivyo huitwa baluni. Tena, spirali ambayo chuma chake na uwazi wake vina umbo moja ina ukinzani wa takriban omu 188. Ukiunganisha kebo na spirali hivi hivi, theluthi moja ya nguvu inarudi ilikotoka.

Wengi siku hizi hujibu kwa ubao wa saketi unaosimama wima nyuma ya antena, njia zake zikibadilika upana taratibu. Unapatanisha ukinzani na ulinganifu kwa pamoja, na kiwandani unatoka uleule kila mara. Hizo ni sifa za kweli.

Ila tupime urefu wake. Kwa kawaida ubao huo unahitaji takriban nusu ya wimbi refu kuliko yote. Antena inayoanzia gigahezi 0.5 ina wimbi la sentimita 60. Spirali yenyewe inatosha kwa kipenyo cha sentimita 19 au zaidi kidogo, kwa sababu inahitaji mzingo wa wimbi moja tu. Ubao unataka 30 kwenda nyuma! Hata ukifupishwa na plastiki yake, kitu kilichosifiwa kwa ubapa sasa kina mkia. Nani atakifunga kwenye ubavu wa ndege ndogo?

John Dyson wa Chuo Kikuu cha Illinois alionyesha njia nyingine mwaka 1959, nayo ndiyo inayodharauliwa leo. Kebo inalehemiwa juu ya mkono mmoja tangu ukingoni hadi katikati. Waya wake wa ndani unavuka pengo na kushika mkono wa pili, ambao nao hubebeshwa kebo bubu, isiyopitisha ishara yoyote, ili pande zilingane. Mkondo unapotoka katikati unamwagika hewani njiani, hivyo kule kebo inakoingilia haubaki wa kuisumbua. Ulinganifu unatoka kwenye umbo lenyewe, na kina kinachoongezeka ni milimita chache. Na ulinganifu ukiyumba, mwale unainama, tena unazunguka kadiri masafa yanavyobadilika. Anayetafuta uelekeo wa mawimbi anasoma pembe ya uongo.

Wapinzani wana hoja nzito kwenye masafa ya juu. Kwa gigahezi 18 sehemu ya spirali inayotoa mawimbi ina kipenyo cha milimita 5 hivi, na kebo ya milimita 2.2 inaimeza. Hapo ubao ushinde. Lakini kwa gigahezi 3 sehemu hiyo ni milimita 32, na kebo hiyo haina madhara makubwa.

Inabaki ile theluthi ya nguvu inayorudi. Mikono ikipanuliwa na mapengo kubanwa, ukinzani unashuka kuelekea 50. Ndiyo njia ninayoichagua kati ya gigahezi 0.5 na 3, kwa spirali ya mizunguko michache, maana kebo ikiwa ndefu mno inapoteza nguvu njiani.