Nyuzi Moja na Nusu

Jana mwenzenu nimelala sakafuni. Umeme ulikatika saa nane usiku, feni ikazunguka mara ya mwisho kama mtu anayeaga, nami baba wa watu wazima nikateremka kitandani taratibu nikaikumbatia simenti. Mama watoto akauliza kuna nini. Nikamwambia natafakari.

Leo jioni sasa, daladala, Kariakoo kwenda Mbagala. Dirishani kakaa dada katoka saluni. Namwomba kwa adabu afungue. "Upepo utaniharibia nywele, kaka." Upepo upi? Tangu Mtoni hatujasogea!

Kijana wa chuo kasimama, kwapa usoni kwangu, akaanza kutoa somo. Eti mwaka 2015 kule Paris mataifa yaliahidi kujitahidi joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5 kuliko kabla ya viwanda, na mwaka 2024 peke yake ukaruka hapo.

"Mwanangu, nyuzi moja na nusu ndiyo ya kuitiana mkutano?"

"Mzee, mwili wako nyuzi ngapi?"

"37."

"Ongeza moja na nusu."

Konda akadakia: "Hiyo malaria hiyo!" Gari zima kicheko.

Kijana haachi. Kila nyuzi moja ikipanda, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, ndiyo maana huku pwani jasho halikauki. Nani kasababisha? Makaa ya mawe, gesi, mafuta. "Hata hili gari." Tukamgeukia dereva. "Teremkeni mtembee basi!" Hakuteremka mtu.

Uungwana ukaniisha, nikapayuka: "Fungua dirisha, nakufa mimi!" Dada akavuta, wapi. Tukavuta watatu. Kumbe limeshapigwa misumari zamani.

Nimeshuka nimeloa kama nimevuliwa Feri, nikakimbilia maji ya baridi kwa Mangi. Ya moto! "Yametoka kwenye friji sasa hivi, mzee." Yule kijana kasema barafu ya Kilimanjaro imepungua zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Kama mlima wa mita 5,895 umeshindwa kutunza barafu, friji ya Mangi, naye katokea hukohuko, itaweza wapi?

Nilitaka kumrudishia chupa yake. Akafungua daftari la madeni, akalamba kidole, akaanza kutafuta jina langu.

Nikayapuliza kidogo, nikanywa.