Kiwanja kina mwenyewe

Juzi mwenzetu mmoja katupia kwenye grupu video ya ile safari yetu ya mbuga ya Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu, ya enzi ambazo barabara ya kupitia Miti ilikuwa bado inapitika bila kusali. Ndege mdogo, mstari mweupe juu ya jicho, kifua rangi ya kutu, anaruka tawi kwa tawi mbele ya kamera. Chini yake kaandika: "Alitupenda."

Alitupenda! Nilikuwepo. Hakutupenda hata chembe.

Tulikuwa 11, na darubini za kuazima. Tulifika Tshivanga, kituo cha mbuga, ukungu ungali umelala juu ya mianzi. Papa aliyetuongoza alisema neno moja: nyamazeni. Tukaweza dakika kama 10. Kisha mwenzetu akatoa simu na kibafle chake cha kukuza sauti, akapiga sauti iliyorekodiwa ya dume wa aina ile. Akarudia, akarudia. Mara ya sita mwenyewe akatokea, manyoya yamesimama, akizunguka juu ya vichwa vyetu kama aliyechanganyikiwa.

Mtu wa Bukavu ndiye wa mwisho kuhitaji kuelezwa jambo hili. Nani hapa hajui habari ya kiwanja kimoja chenye karatasi mbili za umiliki? Dume huimba kutangaza kwamba hapa pana mwenyewe. Akisikia sauti ngeni ndani ya mipaka yake, ni kama wewe uamke ukute mtu usiyemjua anachimba msingi mlangoni pako. Anaacha kula, anaacha makinda, anakwenda kumtafuta mvamizi. Na mvamizi hana mwili! Hakuna wa kupigana naye, hakuna shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa, wa kumshitakia, ni sauti tu kichakani. Sisi tulishuka kula bugali na sambaza. Yeye tulimwachia kesi.

Kinachonichoma zaidi: kwa gorila wa msitu uleule tunavaa barakoa, tunapewa saa moja, na ikiisha unateremka hata ukilia. Kwa ndege hakuna aliyetuhesabia chochote siku ile. Labda kwa sababu gorila akikasirika anajua kujieleza.

Haya, shingo upande nakubali: kupiga sauti mara moja kuna nafuu kuliko watu 11 kukanyaga vichaka, na watafiti huitumia kwa kuhesabu ndege. Mara moja. Wewe ulikuwa unahesabu nini mara ya sita?

Bundi wa milima ya Itombwe alipatikana 1951, akaja kunaswa tena wavuni 1996. Miaka 45 ya kusubiri! Wewe umeshindwa na dakika 10.

Tukiwa njiani kuteremka, Papa alisimama akainua kidole. Safari hii tulinyamaza, nadhani kwa uchovu. Ndege aitwaye shorobo wa Rwenzori akavuka njia, mabawa mekundu yamefunguka. (Wekundu ule una shaba ndani yake, shaba kwelikweli. Ndugu zetu wa Lubumbashi, wenye migodi ya shaba, wasituringie.) Akapita zake. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyewahi kushika simu.

Yote haya nimeyaandika kwenye grupu. Jibu: "Yaya, tulia, ni ndege tu." Nikatoka. Kabla ya usiku wakanirudisha, nikakuta ile video imebandikwa juu kabisa.