Ni damu ama ni boma? Kuhusu watoto wetu kuanza pombe na bangi mapema

Mwezi wa nne tulikuwa na matanga huko kwetu Shinyalu, Kakamega, na usiku wa mkesha, kama saa nane hivi, kijana wa binamu yangu akapatikana nyuma ya jiko amelala kwa matope anatapika, mdomo unanuka chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji. Ako na miaka 13. Asubuhi watu wazima wakakaa chini ya mti kumzungumzia na senje yangu, yaani shangazi, akafunga kesi mara moja: huyu ni kuka (babu) yake amerudi, hiyo ni damu, hamtaweza. Wote wakakubali, manake ni kweli kuka yake aliisha na pombe na baba mdogo wa huyo kijana saa hii anaelekea huko huko. Mimi nilinyamaza kwa heshima lakini hayo maneno yamenikaa tangu siku hiyo, juu naona senje ameshika ukweli nusu, na hiyo nusu tukiimeza peke yake tutapoteza huyu mtoto.

Tumpe senje haki yake kwanza. Mambo ya pombe kutembea kwa familia si uchawi wala si stori ya wazee. Mwaka wa 1973 watafiti walichapisha kazi iliyofanywa Denmark kuhusu wanaume waliopewa familia zingine kulelewa wakiwa bado watoto wachanga. Wale 55 ambao mzazi wao wa kuzaa alikuwa mlevi, asilimia 18 waliishia kuwa walevi, na wale 78 wa kulinganisha nao ilikuwa asilimia 5. Hawakuona baba akilewa, hawakutumwa pombe, hawakulala kwa nyumba ya kelele, na bado hiyo kitu ikawafuata. Alafu kuna kazi za mapacha, unalinganisha mapacha wa kufanana kabisa, ambao jeni zao, yaani yale maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, ni moja, na wale mapacha wa kawaida ambao ni kama ndugu tu wamezaliwa siku moja, na ukijumlisha kazi nyingi za aina hiyo unapata jeni zinabeba karibu nusu ya tofauti kati ya watu kwenye ugonjwa wa ulevi.

Lakini sikia vizuri, nusu ya tofauti kati ya watu, si nusu ya chupa yako. Hapa ndio watu wengi huteleza. Chukua mbegu za mahindi kwa gunia moja, panda zingine shamba lenye mbolea na zingine kwa mchanga uliochoka. Ndani ya shamba moja, hili hindi kupita lingine ni mambo ya mbegu. Lakini shamba lote la kwanza kupita la pili, hiyo ni mbolea, mbegu haina makosa. Sasa utafiti wa 2022 wa NACADA, shirika la serikali la kupambana na pombe na dawa za kulevya, ulipoonyesha eneo la magharibi linaongoza nchini kwa unywaji wa pombe, kuna watu waliruka kusema basi sisi ndio tumeumbwa hivyo. Hapana. Ukilinganisha eneo na eneo unalinganisha mashamba, na shamba letu tunalijua: chang'aa iko kila kona na bei yake mtoto anaweza kuifikia, busaa, pombe ya nafaka, inapikwa kwa sherehe na kwa matanga, na kuna mama analipa karo na hiyo hiyo busaa kwa hivyo usimhubirie tu bila kumwonyesha atalisha watoto na nini. Mtoto wa hiyo boma anaonja akitumwa, anakula machicha ya busaa akiwa na njaa, hakuna mtu ameketi akaamua kumfundisha pombe. Huo utafiti wa 2022 ulipata umri mdogo kabisa wa mtu kuonja pombe ni miaka 7. Miaka saba! Huyo hata meno ya utoto bado anayang'oa.

Na kitu kikubwa zaidi ambacho senje hakijui ni kwamba damu haifanyi kazi sawa kila umri. Kenneth Kendler na wenzake wa Virginia, Marekani, walichapisha mwaka wa 2008 kazi ya mapacha wanaume karibu 1,800, wakafuatilia pombe, sigara na bangi kutoka utotoni mpaka utu uzima. Walichopata ni kwamba kwenye miaka ya kwanza ya ujana jeni karibu hazionekani, kinachobeba ni mazingira, nyumba na mtaa ambao hao ndugu wanakulia pamoja. Halafu vile miaka inaenda mambo yanageuka polepole, mazingira ya nyumbani yanapungua nguvu na jeni zinapanda, mpaka ukifika mtu mzima jeni ndio zinaongoza. Maana yake ni nini? Kuanza na kushikwa ni vitu viwili tofauti. Nani anaonja akiwa na miaka 13, hiyo inategemea sana nani yuko karibu na ni nini iko karibu. Nani akionja anashindwa kuacha akiwa na 30, hapo ndio damu inaongea. Kwa hivyo kumwambia mtoto wa 13 kwamba ni kuka yake, hata kisayansi umeenda mbele ya saa.

Kuna kazi ingine ya Ufini ambayo mimi huipenda sana, waliangalia mapacha wa miaka 14 na sigara. Kwa nyumba ambazo wazazi wanajua mtoto ako wapi na ako na nani, jeni zilikuwa na nguvu kidogo. Kwa nyumba ambazo hakuna mtu anauliza, jeni zikachukua usukani. Jeni ni zile zile, tofauti ni kama kuna mtu anauliza.

Na Japani ndio inanimalizia hii hoja. Huko kuna watu wengi wenye jeni inayofanya mwili ushindwe kusafisha pombe vizuri, akinywa kidogo uso unakuwa mwekundu, moyo unapiga, kichefuchefu, kwa hivyo hao ni wagumu sana kuwa walevi. Mwaka wa 1979, kati ya walevi wa Japani, wale wenye nakala moja ya hiyo jeni ya kinga, yaani walioirithi kwa mzazi mmoja tu, walikuwa asilimia 2.5. Kufikia 1992 wakawa asilimia 13. Jeni haiwezi kubadilika kwa miaka 13. Kilichobadilika ni unywaji wa nchi, pombe ikawa kila mahali mpaka hata waliokingwa na mwili wao wenyewe wakaanguka.

Sasa nigeuke upande wa pili, juu kuna wale wanasema ni marafiki wabaya tu, hao huwa walimu na wachungaji wengi, na mimi pia nilikuwa hapo. Shida ya hiyo maneno ni kwamba marafiki hawaanguki kutoka juu. Mtoto mwenye haraka, asiyeogopa kitu, anayechoka na darasa baada ya dakika kumi, anawatafuta wenzake wa aina hiyo na wanapatana hata ukimhamisha shule tatu. Na hiyo tabia ya haraka kiasi chake amezaliwa nayo. Marekani wako na utafiti mkubwa unaofuata watoto kama 11,800 tangu wakiwa na miaka 9 na 10, na mwaka wa 2024 wakaripoti kwamba picha za ubongo za watoto walioanza pombe, sigara au bangi kabla ya 15 zilikuwa na tofauti ndogo ndogo na za wengine, na wengi wao picha zilipigwa kabla hata hawajaonja. Hiyo si lazima iwe jeni yote, njaa na msongo wa utotoni pia hugusa ubongo, lakini inamaanisha watoto hawaanzii mstari mmoja. Ukimwambia mzazi kwamba ni malezi tu, yule amelea watoto wanne sawa sawa na mmoja ameanguka atalia usiku akitafuta kosa lake ambalo pengine halipo.

Alafu kuna huu mjadala wa umri. Sheria ya pombe ya Kenya ya 2010, ile watu huita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, inakataza kuuzia mtoto chini ya miaka 18, na mwaka wa 2025 sera mpya ya kitaifa ikapendekeza 21. Wanaounga mkono hutaja hesabu ya Marekani ya 1997: walioanza kunywa wakiwa na 14 au chini, karibu asilimia 40 walifika kwa uraibu, walioanza na 20 au zaidi ni karibu 10. Inatisha, lakini watafiti wa mapacha walijibu kwamba sehemu kubwa ya hiyo si umri wenyewe, ni kwamba wale wenye hatari ya kuzaliwa nayo ndio huanza mapema, kwa hivyo kuanza mapema ni dalili kuliko chanzo. Mimi naona hoja yao ina uzito, na bado siwezi kumwachia mtoto akinywa eti ni dalili tu, mwili wake bado unajengeka na barabara ya usiku haiulizi jeni. Shida yangu na 21 ni ingine kabisa: mama pima, yule muuza chang'aa wa kijijini, hajawahi kuuliza mtu kitambulisho.

Ndio maana nikiulizwa nifuate mfano gani nitasema Aisilandi kabla ya maabara yoyote. Mwaka wa 1998 asilimia 42 ya vijana wao wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa mwezi uliopita, kufikia 2016 ikawa 5. Hawakugusa jeni ya mtu. Walisaidia familia kulipia michezo na muziki, wazazi wakawekeana mkataba, na sheria ikasema mtoto wa 13 mpaka 16 asionekane nje baada ya saa nne usiku wakati wa baridi bila mtu mzima. Sisi saa nne ndio disco matanga inawashwa. Na kama kuna mtu anakuuzia kipimo cha jeni ati kitakuambia mtoto wako atakuwa mlevi, pesa yako ibaki mfukoni. Utafiti mkubwa wa 2019, watu milioni 1.2, ulipata sehemu za jeni zaidi ya 400 zinazohusiana na pombe na sigara, kila moja na nguvu kidogo sana, na hao watu wote walikuwa wa asili ya Ulaya. Historia ya ukoo wako unayoijua bure ina faida kuliko hiyo karatasi.

Wiki iliyopita babake huyo kijana alinipigia. Amesikia kuna mkesha mwingine kwa majirani Ijumaa, muziki mpaka asubuhi, na hajui kama amwambie kijana ukweli kuhusu kuka ama anyamaze asimvunje moyo. Nilimwambia amwambie yote, vile kuka alianza na vile aliisha, na kwamba yeye akionja inaweza kumshika haraka kuliko mwenzake, haijaandikwa lakini inaweza. Na Ijumaa waende wote wawili kutoa pole mapema, jua likizama warudi pamoja. Akaniuliza, na watu watasema nini tukiondoka mapema hivyo? Nikamwambia watasema, na senje nitaongea naye mimi.