Farumi ya risasi: ndege za zamani na vyumba vipya vya daraja la kwanza

Jahazi likielemewa omo, nahodha hutia farumi upande wa tezi ili chombo kisilalie pua. Mwaka 2025 shirika la ndege la Uswisi, SWISS, lilijikuta kwenye hesabu hiyohiyo. Chombo chake ni Airbus A330-300, na farumi yake ni bamba la risasi (ile metali nzito, si ya bunduki) la kama tani moja na nusu, la kuwekwa nyuma. Sababu ni kwamba vyumba vipya vya daraja la kwanza na viti vipya vya daraja la biashara vimezidi uzito mbele, na bila kitu cha kuvuta nyuma ndege haikai sawa kwenye mzani.

Ndege hizi za SWISS hatuzijui kwa kusikia. Kwa miaka mingi zilikuwa zikitoka Zurich, zikitua Nairobi, kisha zikimalizia Dar es Salaam na kugeuza usiku uleule. Wengi wetu tumeagana na ndugu zetu kwenye safari hiyo. Ndiyo maana habari ya risasi ilinikaa kichwani. Ndani yake yamo mabishano yote yanayoendelea sasa kwenye mashirika makubwa: je, ni akili kuichukua ndege ya miaka 10 au 15, kuivua ndani yote, na kuivisha daraja la kwanza jipya?

Nianze na wanaosema ndiyo, maana hoja zao zina uzito.

Ndege mpya hazipatikani. Boeing ilizindua 777X mwezi Novemba 2013 na kuahidi kuanza kuzikabidhi mwaka 2020. Mwezi Oktoba 2025 kampuni ikatangaza kwamba ya kwanza itatoka 2027. Emirates, mteja mkubwa kuliko wote wa ndege hiyo, hakuweza kukaa akisubiri huku viti vyake vikichakaa. Upande wa Airbus, uundaji wa A380, ndege yao kubwa ya ghorofa mbili, ulikoma na ya mwisho ilikabidhiwa Desemba 2021, kwa hiyo mwenye A380 atatunza alizonazo. Emirates ikaanza kukarabati ndege 120, ikaongeza, na sasa mpango ni ndege 219 kwa dola bilioni 5. Gawanya: ni kama dola milioni 23 kwa ndege moja. Bei ya orodha ya 777-9, mojawapo ya hizo 777X, mwaka 2019 ilikuwa zaidi ya dola milioni 440. Hata tukijua kwamba hakuna shirika kubwa linalolipa bei ya orodha, tofauti ni ya mlima na kichuguu.

Hoja ya pili ndiyo ninayotamani abiria wengi waielewe, kwa sababu woga wa "ndege kuukuu" umeenea bila msingi. Ndege haizeeki kama basi. Kinacholichosha bodi lake ni kule kujazwa hewa na kupunguzwa kila inapopaa na kutua, kama puto linalopulizwa na kulegezwa. Ndege ndogo ya safari za ndani inaweza kupaa mara sita au nane kwa siku. Ya masafa marefu hupaa mara mbili hivi. Ndiyo maana 777 ya miaka 15 iliyotunzwa vizuri bado ina nguvu tele mwilini. Tena kila baada ya miaka kadhaa lazima ivuliwe viti, mazulia na kuta za ndani ili mafundi wakague vyuma vya chini. Ukishaivua, kurudisha viti vilevile vilivyochanika ni kupoteza nafasi.

Kazi yenyewe ni ya kustaajabisha. Emirates walipofanya majaribio mwaka 2022, walivunja A380 moja kipande kwa kipande, wakiandika kila hatua. Swali likaja: viti, kuta na mbao zinazotolewa ghorofani zitashushwaje na kupelekwa karakana? Wakatumia magari yao ya kupandishia chakula ndegeni, yale yanayojiinua hadi mlangoni. Upana wa milango yake ulitosha na ndani kulikuwa na nafasi. Gari lililozoea kubeba wali na kuku likageuka la kubeba viti vya daraja la kwanza. Vitambaa na ngozi zilizotolewa zimepewa mafundi cherehani wao, wakashona mabegi. Ukiweka hayo kando ya A380 mbili za kwanza za Singapore Airlines, zilizokatwakatwa Ufaransa zikiwa na miaka kama kumi tu kwa kukosa wa kuzikodi, utaona ukarabati una heshima yake.

Hoja ya tatu ni ya pesa. Wanaokaa mbele ni wachache, lakini wanachangia mapato kwa kiwango kisicholingana na idadi yao. Kwenye njia kama Paris kwenda New York au London kwenda Singapore, tiketi chache za mbele zinaweza kuamua kama safari imelipa au imekula hasara. Air France ilipozindua daraja lake jipya la kwanza mwaka 2025, haikuliweka kwenye ndege mpya. Ililiweka kwenye 777-300ER zake, vyumba vinne tu, kila kimoja na madirisha matano. British Airways nayo imechagua A380 zake kwa vyumba vipya. Wanajua wateja wao.

Sasa upande wa pili.

Turudi kwenye risasi ya SWISS, maana watu waliichukulia kama kichekesho wakati ni somo la fizikia. Ndege ni mzani, na mabawa ndiyo mhimili. Kilo iliyokaa karibu na bawa haisumbui. Kilo ileile ikikaa puani, mita nyingi kutoka mhimili, inavuta kwa nguvu ya mkono mrefu. A330-300 ilichorwa zama ambazo daraja la kwanza lilikuwa viti vikubwa vyenye kuegemea. Haikuchorwa kwa ajili ya vyumba vyenye kuta, milango ya kuteleza, makabati, skrini kubwa na injini ndogo za kukunjua vitanda. Ukipunguza na safu za viti nyuma ili kupata nafasi, umeongeza puani na umepunguza mkiani kwa mpigo mmoja.

Farumi hiyo inakula mafuta kila siku. Kwa makadirio wanayotumia marubani, kila saa ya safari ndefu ndege huunguza mafuta sawa na asilimia 3 hivi ya uzito wa ziada iliobeba. Tani moja na nusu kwa safari ya saa saba na nusu, kama Zurich hadi Nairobi, ni kilo 300 na ushei za mafuta, kwenda tu. Mafuta hayo hayabebi mtu wala sanduku wala barua. Yanabeba risasi, ili watu wachache walale wamejifungia.

Hili linanikera kwa dhati, na si kwa wivu wa kitanda. Watafiti wa Benki ya Dunia walikadiria mwaka 2013 kwamba abiria wa daraja la kwanza anaweza kuwa na mzigo wa hewa ukaa hadi mara tisa ya abiria wa daraja la kawaida, kwa sababu ya nafasi anayoichukua na uzito unaomzunguka. Mashirika yanapotangaza malengo ya kupunguza hewa ukaa na papo hapo kuongeza kuta ndani ya ndege zenye injini za kizazi kilichopita, mambo hayo mawili hayakai pamoja.

Nafasi nayo haitoki mbinguni. Kwenye A380, Emirates iling'oa viti 88 vya kawaida ili kuweka viti 56 vya daraja jipya la kati, lile lililo juu ya la kawaida na chini ya la biashara. Mimi binafsi naliona daraja hilo la kati kuwa jambo jema, nitalirudia. Lakini hesabu inabaki: viti vya bei nafuu vimepungua kwenye ndege ileile. Kijana anayetafuta nauli ya kwenda kusoma, au mama anayekwenda kumwona mjukuu, anagombea viti vichache zaidi, hasa Desemba.

Usiku mmoja nilisafiri na shirika ambalo sitalitaja. Tuliingia kwa mlango wa mbele, tukapita kwenye daraja la kwanza lililotoka kukarabatiwa. Taa zilikuwa na rangi ya asali, na bado kulikuwa na harufu ya gundi na ngozi mpya. Nikafika kiti changu nyuma, safu ya 38. Skrini ilikuwa hai, lakini tundu la visikizi limelegea, nikawa nimebana waya kwa kidole gumba ili sauti isikatike. Mama aliyekaa kando yangu, mtandio begani, akaniangalia kwa muda kisha akauliza, "Mwanangu, chako kimekataa?" Nikamjibu, "Kimekataa, mama." Akanisogezea kisikizi kimoja cha kwake, tukatazama sinema moja kwa skrini moja hadi usingizi ulipomchukua. Ile ilikuwa ndege moja, yenye cheti kimoja na rubani mmoja, lakini ukarabati ulikuwa umeishia kwenye pazia.

Kuna pia suala la ithibati, ambalo watu wa mauzo hulipita haraka. Kiti cha ndege hakiuzwi kama kochi. Lazima kihimili mshtuko wa mara 16 ya nguvu ya mvutano wa dunia, na kichwa cha abiria kisigonge ukuta kwa kiasi cha kuua. Ukiweka ukuta na mlango, umeongeza vitu vya kugonga, na umemzuia mhudumu kuona. Ndiyo maana milango hiyo hubaki wazi ndege inapopaa na kutua. Kila aina ya ndege huhitaji idhini yake. Lufthansa imeonja uchungu huo: mwaka 2025 ilipoanza kurusha Boeing 787 zenye viti vyake vipya, sehemu kubwa ya viti vya daraja la biashara havikuruhusiwa kuuzwa kwa sababu idhini ilikuwa haijakamilika. Ilikuwa ndege mpya kabisa ikiruka na viti vitupu. Singapore Airlines nayo, iliyotenga dola za Singapore bilioni 1.1 kukarabati A350 zake 41, imelazimika kusogeza mbele tarehe ya kuanza.

Na kuna mashirika yaliyokwisha kuamua kwamba mchezo huu hauwafai. United waliacha daraja la kwanza la kimataifa. American wanaling'oa kwenye 777-300ER zao na kuongeza daraja la biashara, wakisema wazi kwamba wateja hawalinunui. Oman Air, shirika ambalo jamaa zetu wa Muscat na Unguja wanalifahamu vizuri, mwaka 2024 lilibadilisha daraja lake la kwanza kuwa sehemu ya daraja la biashara. Viti vikabaki vilevile vizuri, jina likashuka, bei ikashuka. Kwa sababu ukweli ni kwamba daraja la biashara la leo, lenye kitanda bapa na mlango, ndilo daraja la kwanza la miaka 20 iliyopita.

Kwa hiyo nikipima, naona tunachanganya mambo mawili yanayoitwa kwa jina moja. Kukarabati ndege ya zamani yenye afya ni uamuzi sahihi, na ningependa usifiwe zaidi. Kuijengea vyumba vizito puani ni jambo jingine, nalo linaeleweka tu pale ambapo ndege ni kubwa kiasi cha kuyameza mabadiliko hayo, kama A380, na njia ina wateja wa kudumu wa tiketi hizo. Kwa A330 inayohitaji kubebeshwa risasi, jibu langu ni hapana. Pale chombo kinapokuambia kwa lugha ya mzani kwamba hakikuumbiwa mzigo huo, kisikilizwe.

Swali hili linakuja nyumbani pia. Kenya Airways ilipokea 787 yake ya kwanza Aprili 2014, zikiwa na viti 30 vya biashara na 204 vya kawaida. Ya kwanza ya Air Tanzania ilitua Julai 2018, na viti 22 vya biashara na 240 vya kawaida. Hakuna hata moja yenye daraja la kwanza, na hilo lilikuwa chaguo la busara. Za Nairobi zimekwisha kuvuka miaka kumi, na ya Dar inakaribia. Siku si nyingi mtu ataingia ofisini na picha za kupendeza za vyumba vyenye milango ya kuteleza, na kusema shirika la taifa linastahili.

Siku hiyo naomba mezani iwepo karatasi moja ya hesabu: kilo ngapi zinaongezwa mbele, viti vingapi vinang'olewa nyuma, ndege italala karakana siku ngapi, na shirika lina ndege ngapi za kuziba pengo. Mashirika yetu yana ndege chache za masafa marefu, na moja ikilala, ratiba nzima inayumba. Zikipatikana fedha, ningeziweka kwenye safu nne au tano za daraja la kati, kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou na kwa mzee ambaye magoti yake hayawezi saa kumi za kubanwa. Zinazobaki ziende nyuma: mito mipya ya viti, skrini zinazowaka, na tundu la visikizi linaloshika waya.