Polisi Wakifika, Picha Imeisha?

Sinema nilijifunzia kwenye kibanda umiza, kibanda cha kuonyeshea video, Manzese, Dar es Salaam. Mabenchi ya mbao, deki moja, televisheni ya inchi kumi na nne imefungiwa kwenye kizimba cha nondo, na joto la kuivisha muhogo. Mikanda tuliyoipenda ni ile iliyotiwa maneno ya Kiswahili. Ikisemwa leo ni mkanda wa Lufufu, mtafsiri wa picha, hata wasio na kiingilio walijipanga nje kutega sikio. Schwarzenegger akipita kwenye kinywa cha mtafsiri anakuwa mtoto wa mjini: anachamba kama kondakta, na bomu akilirusha anamwambia adui abaki na chenji. Kanuni ilikuwa moja tu, stelingi, yaani shujaa wa picha, hafi. Rangi yake haikuwa hoja ya mtu mle ndani.

Nakumbuka picha ya papa, Deep Blue Sea, ya 1999. Samuel L. Jackson amesimama kando ya maji anawapa wenzake hotuba ya kuwatia moyo. Hajaimaliza, papa kachomoka, kamvuta. Kibanda kizima kilipiga mayowe ya furaha. Nilirudi nyumbani nikiigiza papa. Kwamba aliyeliwa ni mtu mweusi mwenzangu, hilo nilikuja kuliwaza zaidi ya miaka ishirini baadaye, nikiwa Leeds, Uingereza, kwenye kochi, ubavuni kwa binti yangu. (Tuwe wakweli: mpishi kwenye picha hiyohiyo naye ni mweusi, na anapona.)

Binti yangu ana miaka kumi na nne, kazaliwa hukuhuku, na ana mchezo wake. Picha ya kutisha ikianza, akimwona mweusi anaangalia saa. "Baba, huyu nusu saa hafiki." Akipatia hafurahi, anaendelea kula bisi. Siku moja akaniuliza kwenye kibanda chetu tulikuwa tunasemaje mweusi akifa. Nikamwambia hatukusema kitu, hatukuwa tunahesabu. Akanitazama kama nimemwambia tulikuwa tunakwenda shule bila viatu, jambo ambalo nalo ni kweli.

Nikamsimulia binamu yangu. Jibu lake lilikuja kwa sauti, WhatsApp, pikipiki zikinguruma nyuma yake: "Kaka, nyie wa mamtoni mna nafasi. Sisi tunaangalia picha, nyie mnahesabu watu."

Kwa upande wake yuko sahihi. Manzese mwalimu ni mweusi, mwizi mweusi, daktari mweusi, rais mweusi, na anayekudai naye mweusi. Mmoja akiliwa na papa, wamebaki tele. Ghalani ninakofanya kazi, kwenye zamu yangu Mwafrika ni mimi peke yangu, na wengi walikwisha kukutana na mimi kwenye skrini kabla sijafungua mdomo. Ilipotoka Black Panther mwaka 2018, msimamizi wetu alinikuta asubuhi akakunja mikono kifuani kama watu wa Wakanda, nchi ya kubuni ya kwenye picha hiyo. Kwa heri kabisa, ni mtu mwema. Akaniuliza kama ile lugha yao ndiyo yetu. Nikamweleza ni Kixhosa, cha Afrika Kusini, na kwamba kutoka Dar hadi kwa Waxhosa wenyewe ni mbali kuliko London na Moscow. Akasema ahaa. Kesho yake akakunja mikono tena, na hivyohivyo mpaka Krismasi.

Ila binamu kuna kitu hakijui, na sijui kama sauti ya WhatsApp inaweza kukibeba. Kibandani, gari la polisi likitokea mwishoni, tunajua picha imeisha. Watu wanaanza kutafuta ndala zao chini ya benchi. Mwaka 2017 nilikwenda kuangalia Get Out, ya Jordan Peele, ile iliyomfanya mwaka uliofuata awe mweusi wa kwanza kupata Oscar ya mswada asilia. Daniel Kaluuya, kijana wa London ambaye wazazi wake ni wa Uganda, kaponea chupuchupu, yuko barabarani usiku, damu mwilini, mwanamke mzungu kalala chini mbele yake. Mara taa za gari, nyekundu na buluu. Mguu wangu ulikwisha anza kusogea kwa ajili ya kuondoka. Jamaa mweusi kiti cha pili akawa anasema kwa sauti ya chini, "Hapana, hapana, hapana." Ukumbi ukanyamaza. Kumbe ni rafiki yake kaja na gari la kazini, la walinzi wa uwanja wa ndege. Watu walipumua kwa pamoja, nikasikia.

Mwaka 1968, kwenye Night of the Living Dead, Duane Jones alipambana na mazombi usiku kucha, akapona, kulipopambazuka wazungu waliokuja kuokoa wakampiga risasi wakidhani naye ni zombi. Yule jamaa wa kiti cha pili hiyo ndiyo picha aliyokuwa akiisubiri. Mimi nilikuwa natafuta ndala.

Siku hizi nami nahesabu. Tulipoangalia Us, ya 2019, Lupita Nyong'o akicheza watu wawili, majina yalipoanza kupanda binti yangu alisimamisha picha akasogea hadi kwenye kioo. "Baba, hiyo ng' ni ya ng'ombe!" Kiswahili chake chote ni cha kuombea wali, ila hiyo aliijua.

Mwaka jana nilirudi likizo. Jioni tumekaa sebuleni kwa binamu, kichekesho cha Kibongo kwenye runinga, na mlinzi wa getini kwenye kichekesho hicho, kama kawaida, ni Mmasai: shuka jekundu, rungu, Kiswahili cha kukanyagana. Akifungua mdomo tu, sebule nzima chini kwa kicheko, na mimi nilikwisha cheka kabla sijajisikia. Mlangoni alikuwa amesimama mlinzi wa nyumba ya jirani, Mmasai, aliyeacha simu yake ichajiwe kwetu.

Alitazama kidogo.

"Shuka lenyewe kalifunga kama kanga," akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Akachomoa simu, akashukuru, akaenda zake getini.